Jirani wa Dativa

Nianze kwa kusema kwamba mimi si mtu wa wivu. Nina macho tu, nina masikio, na nina mke mzuri kuliko nilivyostahili. Vitu hivyo vitatu vikikutana, mtu hukosa usingizi.

Januari ya mwaka 2006 mke wangu Dativa, ambaye ni muuguzi, alichoka. Alichoka na theluji ya Blaine, mji wetu karibu na Minneapolis, alichoka na zamu mbili mfululizo kwenye nyumba ya wazee, na nadhani alichoka kidogo na mimi pia, ingawa hilo hakulisema. Akachukua mkataba wa miezi mitatu kwenye zahanati ya kimji kimoja katikati ya jangwa la Arizona, kinaitwa Tamarisk Wells. Watu mia nne, duka moja, pampu moja ya mafuta. Nyumba za kupanga hazikuwepo, kwa hiyo waliomwajiri walimpa gari la kuishi, lile refu lenye kitanda, jiko na choo ndani, ambalo Wamarekani huliita RV. Liliegeshwa uwanjani pamoja na mengine ya aina hiyo, kila moja na bomba lake la maji na waya wake wa umeme. Mimi nililiita nyumba ya konokono. Dativa hakucheka.

Nikabaki na binti yetu Wema, wa miaka tisa, na koleo la kuzolea theluji. Mkataba ungeisha mwisho wa Machi, ila ungeweza kuongezwa miezi mitatu mingine kama mwenyewe angekubali. Hapo ndipo palipokuwa pananitafuna. Nilimtaka mke wangu nyumbani mwisho wa Machi, si siku moja zaidi.

Sasa, huyo jirani.

Wiki ya kwanza Dativa alipiga simu akasema bomba lake la maji liliganda usiku likapasuka, jirani akamsaidia kulifunga. Nikasema vizuri. Wiki ya pili jirani alimpikia maharage. Wiki ya tatu jirani alimpeleka kuona miamba myekundu jua likizama. "Jirani anachekesha, Baba Wema, mpaka mbavu zinaniuma!" Mara jirani kampikia uji, tena Dativa mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Nikamwuliza kwa nini akupikie uji, wewe huna mikono? Akaniuliza habari za theluji.

Kiswahili chetu ni lugha tamu lakini kina ubaya mmoja: kinaficha watu. Amenipikia, amenipeleka, anachekesha. Nani huyo? Mwenye ndevu na mwenye hereni wote ni "a". Nilishinda na ile "a" kichwani mchana kutwa kazini Saint Paul, kwenye maabara ya kupima maji, na siku moja nilipima chupa ile ile mara tatu.

Mtasema, si ungeuliza? Mwanamume wa miaka arobaini na miwili amwulize mkewe kama jirani anavaa suruali au sketi? Hapana. Nilikuwa na heshima yangu. Nilizunguka mbuyu. "Jirani hajambo?" Hajambo. "Leo kapika nini?" Leo hajapika, amelala mapema. Na wewe umejuaje kwamba amelala? Hilo sikulisema.

Rafiki yangu Mudrick, tuliyesoma naye chuo hapa hapa Minneapolis, hajawahi kuoa, na kwa hiyo anajua kila kitu kuhusu ndoa. "Anselm kaka," aliniambia, "asiyekuwepo na lake halipo."

Wema anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wetu huku. Jumapili moja ya Machi aliongea na mama yake huku mimi nikisonga ugali. Alipokata simu nikamwuliza mama anasemaje.

"She's fine, Dad. The neighbor came over. He fixed her heater."

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Kiingereza hakina kuficha. Ni lazima uchague: "he" ni mwanamume, "she" ni mwanamke, hakuna njia ya katikati. Na mtoto wangu wa kumzaa amesema "he".

"He?" nikamwuliza.

"Yeah. He."

Ugali uliungua. Tuliula hivyo hivyo.

Nilimpigia Mudrick. Akapumua kwa uchungu, kana kwamba mke alikuwa wake. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja. Kata tiketi, kaka. Na usimwambie."

Shule zilipofungwa wiki moja mwishoni mwa Machi, nilimwambia Wema tunakwenda kumshtukiza mama. Tuliruka hadi Phoenix, nikakodi gari, tukaendesha kwa muda wa saa tatu kwenye barabara isiyo na hata mti wa kuegemea. Njia nzima nilikuwa natunga hotuba. Ilikuwa hotuba nzuri sana. Ilianzia kanisani Bukoba tulikofungia ndoa, ikapita kwenye theluji niliyoizoa peke yangu majira mazima, ikaishia kwenye neno "chagua".

Tulifika saa kumi alasiri. Yale magari ya kuishi yalikuwa kama ishirini, yamejipanga kwenye changarawe, na wazee wa Kizungu wamekaa mbele yake chini ya maturubai wakitutazama tunavyopita na vumbi letu. La Dativa nililijua kwa kanga iliyofungwa dirishani badala ya pazia. Nje kulikuwa na viti viwili. Viwili! Katikati yake meza yenye vikombe viwili, na chini ya kiti kimoja buti za kazi, kubwa kuliko zangu.

Kwetu mtu hata akienda kwa mdogo wake hupiga hodi. Mimi niliufungua mlango wa mke wangu bila hodi.

Dativa alikuwa amesimama peke yake katikati ya maboksi, anakunja mashuka. Akapiga yowe. Kisha akamwona Wema nyuma yangu, shuka likaanguka, akatukumbatia wote wawili kwa pamoja huku akilia na kucheka. Alikuwa amenawiri. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa sikumbuki lini niliwahi kumwona ameshiba usingizi namna ile. Mtu mwenye akili angefurahi. Mimi niliwaza ni nani aliyemnawirisha.

"Buti za nani zile?" nikasema. Hotuba yote ilikuwa imeyeyuka, likabaki hilo.

"Za jirani," akasema, akachungulia nje. "Dinah! Come and meet my husband!"

Akatoka kwenye gari la pili, na soksi miguuni, bibi wa miaka kama sabini na tano, mrefu kunishinda, mwenye mikono ya fundi. Dativa akanieleza kwamba aliendesha malori miaka thelathini. Bibi alinipa mkono, ukanibana vidole, halafu akamchukua Wema kwenda kumwonyesha kobe aliyejichimbia nyuma ya uzio.

Nilicheka. Nilicheka kwa raha mpaka Dativa akauliza nacheka nini, na mimi mjinga nikamwambia. Furaha humlegeza mtu ulimi. Nilimweleza yote, ile "a", ile "he", ugali, Mudrick na tiketi.

Dativa alitoa kichwa dirishani. "Wema! Nani alikwambia jirani ni mwanamume?"

"Nobody!" Wema akajibu bila kumwacha kobe. "You said ametengeneza hita. Like, fixing stuff. So I said he."

Dativa naye akacheka hadi akajifuta macho kwa foronya. Halafu kicheko kikamwisha.

"Kwa hiyo hukuja kuniona mimi," akasema.

"Nimekuja. Si mimi huyu hapa?"

"Umekuja kumwona jirani. Miezi mitatu, Baba Wema, ukiniuliza jirani kapika nini, jirani kalala saa ngapi. Nilipokwambia kanipikia uji, uliniuliza kwa nini anipikie. Hukuuliza kwa nini nakunywa uji."

Nikatazama nje, kwenye vile vikombe viwili.

"Niliugua siku nne. Nilikuwa siwezi hata kusimama."

"Ungeniambia."

"Nilikuwa nangoja uniulize." Akakaa kitandani kati ya maboksi. "Na kuongezewa mkataba nilishakataa Jumatatu. Unaona nafungasha? Nilitaka niwashtukize nyinyi Jumapili."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikanyanyua boksi la kwanza, nikamwambia nitabeba yote mimi, asiguse kitu.

"Weka chini kwanza," akasema.

Akavaa kandambili, akachukua simu, akaenda hadi karibu na chumba cha kufulia, mahali pekee ambapo mtandao hushika. Nilimtazama kupitia dirisha akitembea huku na huku, amenipa mgongo. Haikuzidi dakika tano.

"Nafasi bado ipo," akasema aliporudi. "Nimewaambia nabaki hadi Juni."

"Mama Wema! Kwa ajili ya neno la mtoto?"

"La mtoto nimeshalisamehe." Akaliokota lile shuka, akalitandika kitandani upya, akilinyoosha pembe zote nne.

Tulikaa siku nne. Dativa alinipikia vizuri, akaniuliza kama nimeshiba, akanichagulia mto laini, kila kitu anachofanyiwa mgeni. Jioni alikaa nje na Dinah kwenye vile viti viwili, na mimi nikaletewa cha kukunja. Ningemkuta mwanamume ningejua la kufanya: ningepigana, ningelia, ningemwita padri. Bibi kizee utamfanya nini? Nilimwonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mwanamume yeyote.

Mudrick alikuja kutupokea uwanja wa ndege Minneapolis, hatulii kwa hamu ya habari. "Haya niambie, mwanamume au mwanamke?"

"Mwanamke. Bibi kizee."

"Alhamdulillah!" Akapiga makofi, akanikumbatia, akampokea Wema begi lake. Kisha akatazama nyuma yetu, kwenye mlango wanakotokea abiria.

"Sasa shemeji yuko wapi?"

Wema aliinua uso akanitazama, akingoja nijibu mimi.