Kifungo Cheupe cha Shati

Umewahi kutafuta kifungo kilichoanguka? Basi unajua hakionekani kwa kuelekezwa. Sharti uiname mwenyewe.

Mjukuu wangu, tunayemwita Haraka kwa kuwa hata chai hunywa amesimama, alirudi kutoka shuleni Jumanne amenuna. Walipewa tamthilia ya kale, ya mfalme aliyekula njama na nduguye wamnyang'anye malkia mashamba yake, na swali moja: malkia aliijuaje siri hiyo? Haraka hakuisoma. Alinakili kijitabu cha mwongozo: "Malkia alikuwa mwerevu." Wenzake kumi nao walinakili hayohayo. Mwalimu akawarudishia madaftari. "Nimesahihisha insha moja mara kumi na moja. Jumatatu kila mtu alete yake, la sivyo sifuri."

"Sasa Bibi, niandike nini? Mwongozo ndio huo!"

"Nisomee mchezo wenyewe. Mimi nafumua pindo la suruali, masikio hayana kazi."

Alisoma kama anayefukuzwa na nyuki. Nikapotea: nani yumo chumbani, nani katoka? Nikamimina mkebe wa vifungo karibu na cherehani. Mfalme nikampa kile cha shaba, cha koti. Nduguye, cheusi. Malkia, chekundu. Mjakazi wao nikampa kidogo cheupe cha shati, kimemeguka ukingoni.

"Anayeingia mweke juu ya kitambaa. Akitoka, mwondoe."

Ikawa kazi yetu kila jioni. Mjakazi kila akiingia alisema, "Maji haya hapa, bwana," basi. Midomo yangu ikawa inaufuata mstari huo, lakini niliona haya kumkatiza mtoto.

Jumamosi tukafika kwenye njama. Mjakazi akaleta maji, mfalme na nduguye wakanong'onezana kurasa mbili nzima. Haraka akanyoosha mkono awaondoe, akasita.

"He! Huyu mweupe mbona bado yupo?"

"Umeruka mstari, wewe na haraka zako."

"Sijaruka!" Akarudi nyuma, kidole juu ya karatasi, polepole nisivyopata kumwona. "Bibi, hakuna palipoandikwa anatoka. Alikuwa amesimama palepale! Kasikia yote!"

"Hebu funua mbele: baada ya hapo nani anakaa na malkia?"

Akafunua. Akashika mdomo. "Ni yeye, kesho yake anamsuka malkia! Lakini mwongozo unasema hana umuhimu."

"Hata mfalme alidhani hivyo, mama."

Akanitazama, kisha akavuta daftari. Hakuinuka mpaka chai ikapoa.

Jumatatu alirudi na kumi na saba kwa ishirini. Chini mwalimu kaandika: "Nani kakuonyesha?"

"Nikamwambia, kifungo cha shati," alisema Haraka. "Darasa zima likacheka, Bibi! Yeye akataka nikipeleke akione." Akavua viatu, akaketi, akauvuta mkebe. "Tuanze tena mwanzo? Yule ndugu sikumwangalia vizuri."

Nikakata uzi kwa meno.

"Tuanze. Ila mjakazi nisome mimi."

"Bibi! Ana mstari mmoja tu!"

"Huohuo. Nautaka tangu Jumanne."