Uzi wa Tatu

Uzi wa tatu wa gitaa ulikatika asubuhi, mfagizi akimwaga maji ya sabuni chini ya viti vya baa. Ulimchapa Gisiri kwenye kidole gumba, lakini kidole hakikumshughulisha. Alikaa akilitazama pengo kati ya nyuzi tano zilizobaki, maana siku yenyewe ilikuwa leo. Mtu wa santuri alikuwa njiani kutoka Kisumu na gari lenye mashine ya kunasa sauti. Angefika Homa Bay mchana, anase wimbo mmoja katika baa ya Onyango, halafu aende zake Kisii.

Na Gisiri alikuwa na wimbo mmoja wa kumpa. Nyimbo nyingine alikuwa nazo tele. Tangu atoke jeshini baada ya vita vya Hitla alikuwa amewasifu wauza samaki, madereva na makarani, kila aliyesimama katikati ya ngoma na kutoa sarafu ili jina lake liimbwe. Aliwahi hata kumsifu mbwa wa mtu, na mwenye mbwa alilia kwa furaha. Hiyo ilikuwa kazi, hakuionea haya. Ila huu wa sasa haukuwa na jina la mtu. Aliuokota nyumbani, kwenye jiwe la kusagia la mkewe Milka: mkono ukienda mbele unavuta, ukirudi ni mfupi, na kabla ya kwenda tena unapumua kidogo. Aliutafutia vidole miezi kadhaa mpaka ukakubali.

Taabu ni kwamba uliishi vidoleni tu. Akijaribu kuuimba kwa mdomo unamponyoka, kama jina la mtu unayemfahamu sana. Ulihitaji gitaa, na gitaa halikuwa lake. Lake lilipasuka kwa mvua juu ya lori lililotoka mnadani Ogwedhi, na gundi ya seremala haikulishika. Hili lilikuwa la Onyango, mwenye baa, alilolinunua Kisumu, nalo lililala stoo chini ya kufuli. Gisiri alipewa asubuhi watu wakiosha viti, na usiku watu wakilewa. Wimbo wote ule aliutunga kwa saa za kuombaomba.

Alilegeza nyuzi zilizobaki, kama kawaida yake kila anapoliweka chini. Nyuzi za gitaa alizikaza kwa sauti za litungu, kinubi cha Wakuria alichokuwa akipiga baba yake, na hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyejua namna hiyo. Alipokaza alimgeuzia kila mtu mgongo, alipomaliza alilegeza. Osoro, kijana aliyekuwa akikwaruza chupa ya soda kufuata mdundo, alikuwa amekariri mwendo wa vidole vyake vyote kwa kutazama, lakini kila alipolichukua gitaa kisirisiri alikuta nyuzi zimelala.

Duka la nyuzi halikuwepo Homa Bay. Kulikuwa na Mirumbe, fundi baiskeli, Mkuria mwenzake, ambaye siku zote alimpa waya ya breki. Gisiri alimkuta ameketi chini ya kibaraza chake, mikono mitupu. Jana askari wa soko walibeba sanduku lake la vifaa, eti kibali chake kimepitwa na wakati. Mirumbe alisema alikwenda kukilipia mara mbili, akaambiwa mwenye kuandika hayupo. Mara ya tatu hakwenda, na hiyo ndiyo siku waliyomjia.

"Waya zote zimo sandukuni," alisema. "Hata koleo. Hata sidiria ya mke wangu ilikuwa humo, nilikuwa nafungia mikasi."

Walikwenda pamoja ofisi ya soko, Gisiri akitembea mbele kama mdaiwa anayekimbia. Jua lilikuwa limeshapanda. Karani, mtu mmoja aitwaye Momanyi, alikuwa akisoma gazeti, na sanduku la Mirumbe lilikuwa pale pale miguuni pake, amelifanya la kuwekea viatu. Aliwaambia bila kuinua macho kwamba sanduku litatoka siku shauri la Mirumbe litakaposikilizwa. Gisiri akamweleza habari ya uzi, habari ya mtu wa santuri, na kwamba anaomba waya moja tu.

Momanyi akakunja gazeti. "Kumbe wewe ndio Gisiri wa gitaa? Hiyo santuri itafika mpaka Nairobi?"

Gisiri akasema huenda.

"Basi chukua waya moja. Lakini jina langu liingie. Tena mapema, kabla ya huyo Onyango. Sema Momanyi wa soko, baba ya maendeleo."

Gisiri alikubali haraka, kama mtu anayefukuzwa. Nje, Mirumbe hakumlaumu. Sanduku lake lilibaki ndani na bado akakaa naye ukingoni mwa barabara, akaifumua ile waya kwa meno kwa kuwa koleo hakuwa nalo, akatoa nyuzi mbili nyembamba, akazisokota upya ziwe moja nene ya kutosha. Mdomo ulimtoka damu kidogo. Akafunga shanga mwishoni ili ishike kwenye gitaa, akamwambia aende, asije akachelewa.

Njiani Gisiri alijaribu kumtafutia Momanyi nafasi ndani ya wimbo. Hapakuwa na nafasi. Popote alipolitia jina, jiwe la Milka lilisimama.

Gari lilikuwa limeshafika. Mashine ilikuwa mezani, imeungwa na betri ya gari, na mtu wa santuri, bwana mwembamba aliyefunga tai, alikuwa akinywa chai ambayo Onyango mwenyewe alimmiminia. Onyango alikuwa amevaa koti la harusi. Alimnong'oneza Gisiri kwamba amezeeka mpaka hajui saa, kisha akamwambia mgeni kwa sauti kwamba huyu ndiye jathum wake, mpigaji wake.

Gisiri aliwageuzia mgongo. Akavika waya mpya, akakaza zile funguo za kichwani mwa gitaa moja moja, akisikiliza. Waya ya breki ililalamika, ikavuta, ikakubali. Kisha akageuka, akapiga.

Hakumtaja Momanyi. Hakumtaja mtu. Osoro alikwaruza chupa yake nyuma, na baada ya muda mfagizi akasimama mlangoni, ndoo mkononi. Hofu iliyokuwa imemkaa Gisiri tangu asubuhi ilimtoka yote. Alikuwa na furaha, basi, furaha tupu, ya mtu anayesikia kitu chake kikitoka salama.

Mtu wa santuri alikuwa ameweka kikombe chini. Alisema wimbo kama huo hajausikia popote, na kwamba sasa watapiga mara ya pili, mashine ikiwa imewashwa. Akatoa kalamu. "Niandike wa nani?"

"Wangu," alisema Onyango.

Gisiri alidhani hakusikia vizuri. Akasema polepole kwamba wimbo ni wake, ameutunga yeye.

"Mzee Gisiri, usinitie aibu mbele ya mgeni," Onyango alisema, wala hakuwa na hasira. "Hii gitaa nani alinunua? Hii nyumba ni ya nani? Chakula unakula ya nani? Hata hiyo wimbo ilizaliwa hapa kwangu."

Mtu wa santuri akakuna sikio. Akasema kampuni yao huandika jina la mwenye vyombo, ndiyo kawaida kila mji anakopita, na mambo mengine wenyewe huelewana nyumbani.

"Niandike hata chini," Gisiri alimwambia. "Herufi ndogo. Hata mtu asiposoma."

Yule bwana akamtazama Onyango. Onyango akatikisa kichwa. Majina yakiwa mawili, alisema, watu watauliza baa ni ya nani. Kisha akamwita Osoro aweke chupa chini. "Osoro anaijua yote. Kama mzee amechoka, apumzike. Kijana atapiga."

Osoro alitazama sakafu. Gisiri alihesabu haraka moyoni mahali pengine anapoweza kupata gitaa, Sori, Migori, hata ng'ambo ya mpaka, na hapakuwa na mahali. Gitaa la mission lilikuwa la mission. Lile la dereva mmoja wa lori lilishauzwa. Akilitoa hili mikononi mwake leo, hatapewa tena. Alilijua hilo kama anavyojua njia ya kwake.

Akageuza mgongo, kama siku zote. Wote walidhani anakaza. Alilegeza uzi wa kwanza, wa pili, na zote nyingine, mpaka zikalala kama kamba za nguo. Wa tatu akauchomoa kabisa, akauzungusha kwenye kiganja, akautia mfukoni pamoja na shanga yake. Ndipo akamgeukia Onyango na kumpa gitaa kwa mikono miwili.

"Hii gitaa ni yako," alisema. "Hii waya ni yangu."

Onyango alimwita mwizi, na mchawi, na Mkuria, yote kwa pumzi moja. Osoro alimfuata mpaka mlangoni.

"Mwalimu, sasa mimi nifanye nini?"

"Piga unachojua."

Kijana akarudi ndani. Gisiri alikuwa bado hajafika mwisho wa barabara alipolisikia gitaa limekazwa kwa ile namna ya kila mtu, na Osoro akipiga dansi moja ya zamani ambayo hata watoto waliijua, kwa nyuzi tano. Ilikuwa mbovu, lakini ilikwenda. Mwanzoni kabisa ilisikika sauti ya Onyango ikitaja jina lake na la baa yake. Mashine ilikuwa imewashwa. Mtu wa santuri alikuwa na safari ya Kisii na hakuweza kuondoka mikono mitupu.

Gisiri akapita nyuma ya ofisi ya soko ili Momanyi asimwone.

Milka alikuwa uani nje ya chumba chao cha kupanga, amepiga magoti mbele ya jiwe, anasaga mtama wa uji wa kuuza. Aliinua kichwa akamwona hana uso wa kuulizwa, lakini akauliza.

"Wamenasa, Baba Mellen?"

"Wamenasa ya Osoro."

"Na yangu?"

Alikuwa akiuita wake tangu siku ya kwanza, na Gisiri hakuwahi kumkatalia. Akaketi kizingitini. Akamwambia yote, hata ile ya Momanyi, hata ya meno ya Mirumbe. Milka hakusema alifanya vizuri wala vibaya. Alisema tu kwamba basi amwimbie yeye, kabla haujapotea, ili wawe wawili wanaoujua.

Gisiri akafungua mdomo. Ukaja mwanzo wake, halafu ukageuka kuwa ule wa Osoro, halafu ukawa kitu cha kanisani. Akaanza tena. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikikimbia juu ya paja, kila kimoja kinajua pa kwenda, na hakuna sauti iliyotoka. Kesho vitajua kidogo kuliko leo, aliwaza, na keshokutwa kidogo zaidi.

Akaitoa ile waya mfukoni. Akaifunga kwenye msumari wa mlango, ncha ya pili akaizungushia kiganja, akavuta mpaka ikamkata ngozi. Akaigonga. Ikatoa sauti moja, safi kabisa, ile ile iliyofungua wimbo.

Milka akarudisha mikono kwenye jiwe. Akaanza kusaga polepole ili kumsaidia, akingoja sauti ya pili.