Mbwa Aliyeinamisha Kichwa

Watoto wa chekechea pale Matsue, Japani, walipolala usingizi wa mchana, Mwalimu Fusae aliwageukia mbwa wao wa karatasi. Kila mtoto alikuwa amekunja wake: pembetatu, kisha masikio mawili chini. Hakuna sikio hata moja lililonyooka, na kesho wazazi wanakuja! Akawakunjua wote, akawakunja upya, kona juu ya kona, akawabandika ukutani.

Chihaya, mtoto wa miaka minne, akaamka wa kwanza, nywele timutimu.

“Mwalimu, mbwa wangu yuko wapi?”

“Si huyo hapo? Nimemnyoosha, ona alivyopendeza.”

“Siye. Wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa ananisikiliza.”

Fusae alitaka kubisha, kisha akanyoosha mkono ukutani. Akambandua mbwa, akamkunjua. Mkunjo wa kwanza ulikuwa bado unaonekana kwenye karatasi, umepinda vilevile. Chihaya akaufuata kwa kidole gumba, polepole, mpaka sikio likalala upande.

Kisha akamnong’oneza mbwa wake, “Usimwogope Mwalimu. Hajui tu. Nitamfundisha.”