Kabati Lililosema Norvège

Mwaka 2001, vita vya Kongo vikiwa havijachoka, mwanamke mmoja wa Lilongwe alifika Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na picha ndani ya bahasha. Aliitwa Mayi Gertrude, mwenye nyumba ya wageni mjini. Miaka ya nyuma alikuwa amepelekwa Japani miezi mitatu kujifunza upishi, na katika nyumba aliyolala huko aliona kabati, akalipenda kuliko vyote alivyoviona katika nchi ile, bahari ikiwemo. Maseremala wa mjini wote walimjibu kwamba watalitengeneza, ila kwa misumari. Yeye alitaka lisilo na msumari hata mmoja.

"Nimesikia kuna Mkongo hapa," alisema kwa Kichewa.

Mkongo huyo alikuwa Akilimali, seremala wa Uvira, mtu aliyekimbia vita na randa moja na patasi tatu, akaacha godoro. Aliitazama picha mpaka chai yake ikapoa. Ilionyesha kabati la droo sita lenye vyuma vyeusi kwenye pembe. Nyuma hakukuonekana. Ndani hakukuonekana.

"Ninaweza," akasema.

Kwa kuwa picha haikuonyesha mbao zimeshikana vipi, ilibidi abuni mwenyewe. Alichora juu ya karatasi za mifuko ya saruji mpaka ukuta wa chumba ukajaa. Kwenye pembe, ubao mmoja aliuchonga vidole vilivyopanuka mwishoni kama mkia wa njiwa, na mwenzake akauchonga nafasi za kuvipokea, vikiingiliana hata ng'ombe wawili wasivitoe. Ubao wa nyuma aliuzamisha ndani ya mfereji pande zote nne, usipite hata wembe. Kati ya droo na droo hakuweka ubao, ila fito mbili za kuzibeba, maana mbao alizopata Dowa hazikutosha. Droo zenyewe alizipiga randa wiki tatu, unyoya kwa unyoya, mpaka kila moja ikaingia mahali pake ikivuta pumzi.

Vyuma alimpa jirani yake Nizigama, mhunzi wa Kirundi aliyekuwa akitengeneza majembe na mbabula za mkaa. Nizigama alikata pipa kuukuu la mafuta, akayachoma mabati yake mpaka yakawa mekundu, akayazamisha katika mafuta ya karanga ili yawe meusi. Harufu ikaenea. Majirani walikuja na sahani.

Ugomvi ulianza kwenye mikono ya droo.

"Nitaishika na nini?" Nizigama aliuliza. "Bila msumari, bila skrubu. Na mate?"

Akilimali akamchorea pini yenye miguu miwili: inapita kwenye tundu la ubao, halafu miguu inakunjwa huku na huku kwa ndani.

"Ile ni msumari."

"Hapana. Msumari haina miguu."

"Na msumari ikipata miguu inakuwa nini? Mwalimu?"

Walibishana siku nne, na watu wa mistari miwili ya nyumba wakashika pande. Mwishowe ilikubaliwa kwamba msumari ni kitu kinachopigwa nyundo, basi kinachokunjwa kwa koleo si msumari. Nizigama alizikunja pini zote kumi na mbili kwa koleo, viganja vikamvimba, asije akasema uongo mbele ya mteja. Chini ya kila pini kulikuwa na kibati cha duara chenye alama fulani. Katika picha alama ile ilikuwa ndogo kama punje ya mtama. Akilimali aliona ndege. Nizigama aliona chura, na kwa kuwa patasi ya chuma ilikuwa mkononi mwake, wakawa vyura kumi na wawili.

Mwezi wa nane walilipeleka Lilongwe kwa lori la mahindi. Mayi Gertrude alizunguka kabati mara mbili, akapapasa pembe, akashika kifua.

"Zikomo, bambo. Zikomo kwambiri," akashukuru. "Mbona vyura?"

Mayi Gertrude alicheka, akavuta droo ya chini kushoto, akairudisha ndani. Mara droo ya juu kulia ikatoka yenyewe, taratibu, kama mtu anayechungulia. Akaisukuma. Ikatoka ya katikati. Akaisukuma hiyo, ikarudi kutoka ya juu.

"Nani yumo?" akauliza kwa sauti ndogo.

Akilimali alipiga magoti akatazama. Hakukuwa na mtu, wala panya. Alijaribu kueleza kwamba huenda ni hewa, lakini Kichewa chake kilikuwa cha sokoni, na hewa haiuzwi sokoni. Mayi Gertrude alikuwa amekwisha kusimama mlangoni. Aliomba kabati liondolewe kabla wageni wake hawajarudi kula.

Basi likarudi Dzaleka. Halikupita mlango wa Akilimali, likawekwa nje chini ya ukingo wa bati. Watu wakaja kusukuma. Siku ya tatu, mtu mmoja wa Fizi aliyekuwa akingoja mwaka wa nne kuitwa kwenda ng'ambo aliomba chaki. Aliandika juu ya droo, kwa Kifaransa: Canada, Australie, Amérique, Finlande, Norvège, yaani Norway, na ya sita, kwa kukosa nchi nyingine, Kubaki Hapa. Akafunga macho, akasema, "Mi na batoto, tutaenda wapi?" Akasukuma Kubaki Hapa.

Ikatoka Norvège.

Aliyefuata akapata Norvège. Jioni watu arobaini walikuwa wamepata Norvège, na Nizigama alikuwa amekalia kigoda pembeni akiita, "Norvège! Mwengine!" Kufika mwezi wa kumi, jua likipasua udongo, sweta ziliisha katika marundo yote ya kaunjika, nguo za mitumba, ya soko la Dowa. Watu walikwenda kuchota maji na sweta, wakahubiri na sweta. Espérance, mke wa Akilimali, alirudi nyumbani na sweta mbili na kofia ya sufu.

"Espérance, ile ni hewa tu," Akilimali akamwambia, akionyesha droo ya Norvège kule nje. "Unasukuma hewa huku, inatokea kule. Tirwari ya Norvège njo inateleza kushinda zingine."

"Na ni nani aliifanya iteleze?"

"Mi."

"Basi we njo unatupeleka. Aksanti, baba watoto." Akamvika kofia.

Kwa hasira, Akilimali alichukua kipande cha mshumaa akapaka chini ya droo ya Canada. Kesho yake kabati likasema Canada. Ujumbe wa watu kumi na watano ulifika ukitokwa jasho, ukitaka kujua ni nani ametongoza kabati. Nizigama akawatuliza: Canada nayo iko na baridi, hakuna sweta imepotea.

Siku moja ya mgao wa unga, wakati watu wote wako kwenye foleni, alikuja Mama Irangabiye, mjane wa Makamba aliyekuwa akiuza vitunguu kwa mafungu. Hakuwa na swali la nchi. Yeye na binti yake Gloriose walipoteana njiani usiku wa kukimbia, mwaka wa tano sasa.

"Mi sijui kuandika," alisema. "Tirwari moja uandike yuko. Ingine uandike hayuko. Popote."

Akilimali alifuta majina ya nchi. Akaandika *hayuko* kwenye droo ya Norvège, na *yuko* kwenye ile ya Canada. Akaisogeza, akaiona nzito kidogo. Akasema kuna vumbi, akaitoa, akaipaka mshumaa chini, pande zote mbili, kwa bidii ya mtu anayepaka mafuta mtoto mchanga. Akairudisha.

Mama Irangabiye akasukuma. Droo ikatoka mpaka nusu. Akilimali akamsomea neno lililoandikwa: yuko. Mama aliondoka akitembea wima, kama aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni. Jioni Akilimali aliandika upya majina ya nchi, na wiki hiyo hakula vizuri.

Mwezi wa kumi na moja Mayi Gertrude alirudi na lori kulichukua kabati, akipunga barua. Alikuwa amemwandikia mwenyeji wake wa Japani kumlalamikia kabati lenye mashetani. Mwenyeji akajibu kwamba huko, ukifunga droo moja, nyingine ikatoka, unajua fundi alikuwa fundi kweli. La kwake mwenyewe lilikuwa limekwisha kuacha kufanya hivyo alipozaliwa. Aliomba jina la fundi huyo. Na vyura, aliandika, ni heri: kwa lugha yao *chura* na *kurudi* hutamkwa sawasawa.

"Tangu mwanzo nilisema ni chura," Nizigama akasema.

Watu hawakukubali kabati liondoke. Mayi Gertrude ilimbidi akae juu ya kigoda, mkoba mapajani, mpaka wa mwisho kumi na mmoja waulize yao. Mwishoni naye akauliza lake kimoyomoyo, akapata Australie, akaonekana kuridhika.

Lori lilipotoweka, Akilimali alienda moja kwa moja kwa Mama Irangabiye, akamkuta anafunga vitunguu.

"Mama, nimekuja kusema ukweli. Ile siku nilijua itatoka gani. Mi njo nilipaka mshumaa. Kabati haijui kitu."

"Nilikuona," Mama akasema. "Macho yangu iko mazima."

"Basi, unisamehe."

"Nisamehe nini? Kabati haijui kitu, sawa. Lakini we ulikuwa na tirwari sita na mshumaa moja. Kama kwa moyo yako Gloriose hayuko, mbona hukupaka ile ingine?"

Mama Irangabiye akamsogezea kigoda na rundo la vitunguu. Akilimali akakaa, akaanza kufunga naye.