Fomu ya Mdogo Wangu

Mimi ndiye mpimaji wa chama chetu cha akiba na mikopo. Kila mwaka nazunguka nyumba hadi nyumba na fomu, nawauliza wanachama: mkopo wako umemsaidia nani zaidi yako? Naandika majina, ripoti inachapwa. Aliyewafaa watu wengi zaidi anatoka ukurasa wa mbele, picha nzima, na anapewa chumba sokoni mwaka mzima bila kodi. Wakilingana, anapewa mwanachama wa zamani zaidi.

Mwaka huu walibaki wawili: mzee fundi viatu, mwanachama wa tangu mwanzo, mwenye watu wanne, na mdogo wangu, fundi cherehani. Mdogo wangu! Niliyembeba mgongoni nikamfuta kamasi! Siku hizi kila nikipita nasikia, "Wewe si dada yake fundi?" Ebo! Miaka kumi na moja naandika mafanikio ya watu, yangu nani kayauliza?

Nilimkuta barazani, kabanana na vyerehani vyake, mvua inalowesha vitambaa.

"Karibu dada. Safari hii nikipata kile chumba, nitapumua."

Akanitajia wasichana wanne aliowafundisha kushona. Nikaandika.

"Na wa tano huyu hapa," akasema, akimwonyesha mkataji wake wa vitambaa.

Mkataji mwenyewe ni binti yangu. Alipofeli mtihani alikaa nyumbani miaka miwili, mimi kazi yangu kumfokea tu, mpaka mama yake mdogo alipomwita akampa mkasi. Sasa anajinunulia mwenyewe kila kitu, na kuringa anaringa. Kwa kanuni zetu anahesabika, maana asiyehesabiwa ni anayekaa nyumba moja na mwanachama husika, na huyu anakaa kwangu.

Moyo ukaniwaka. Yaani mwanangu naye awe sifa yake? Niandike kwa mkono wangu kwamba lililonishinda mimi, yeye kaliweza? Thubutu!

Nikafunika kalamu. "Tia sahihi."

Akaisoma fomu, akaniangalia, akamwangalia binti yangu aliyesimama nyuma yangu na kitambaa mkononi. Akatia sahihi, akanirudishia kalamu. Hilo nalo likaniudhi: hata kugombana na mimi hataki!

Ripoti ikatoka, pichani fundi viatu kacheka meno yote nje. Nikaileta nyumbani nikijisikia mwepesi kabisa. Binti yangu akaifunua mezani, akapitisha kidole kwenye majina ya wanafunzi wa mama yake mdogo, akarudia tena kutoka juu.

"Mama, mbona mimi simo?"

"Nafasi ilikwisha."

"Fomu ina mistari kumi, mama. Nilikuwa nyuma yako, nilikuona."

Nikajifanya natafuta chumvi.

Asubuhi aliniaga kwa adabu zote, begi begani. Kahamia kwa mama yake mdogo. Juzi nimepita pale barazani, nikawasikia wanacheka pamoja, na wivu ulionishika, heri ule wa picha.