Kushoto kwa Mama Mkwe

Fundi meno alikuwa amechoka tangu kabla mama mkwe hajaja. Kutwa nzima aliinama mezani kwenye chumba cha nyuma cha kliniki, akichonga na kusugua meno ya bandia ya watu ambao hakuwahi kuwaona, na jioni alirudi nyumbani shingo imekakamaa kama ya mtu aliyeshinda kabeba gunia. Mkewe naye alifua mashuka ya hospitali. Alitoka kabla hakujapambazuka na kurudi vidole vimekunjamana kwa maji. Wakikutana mezani walikula kimya. Hawakuwa na ugomvi wowote, ila maneno nayo yanataka nguvu.

Hapo ndipo mama mkwe alipoletwa kukaa nao, baada ya kuanguka bafuni na kuumia nyonga. Mama huyu alikuwa mtu wa heshima zake. Tangu siku ya harusi hakuwahi kumtazama mkwewe usoni wala kumsemesha moja kwa moja. Akitaka kitu alimwambia binti yake, "Mwambie mumeo apunguze hiyo redio," na mume mwenyewe amekaa papo hapo, mkono uko juu ya redio. Binti akiwa kazini, aliuambia ukuta. Mlango ule ungefungwa, aliuambia, upepo usingeingia. Ukuta ukanyamaza, na mkwe akainuka kwenda kufunga mlango.

Alikuja na meno ya chini ya bandia aliyotengenezewa huko alikotoka, na meno hayo yalimtesa. Alikuwa akiyavaa asubuhi, anakunja uso, anameza supu vijiko viwili vitatu, kisha anayavua na kuyatumbukiza kwenye kikombe cha maji. Akaanza kukonda. Siku moja mkewe akasema neno ambalo fundi alijua lingekuja tu.

"Wewe unatengeneza meno ya mji mzima. Mama yangu ashinde na njaa ndani ya nyumba yako?"

Lakini kule kliniki vichwa vya kusagia, zile ncha za kuchomeka kwenye mashine, vilikuwa vimeisha makali, vipya vimeagizwa na havijafika, na vile vichache vyenye uhai mwenye kliniki alivifungia kabatini kwa ajili ya wagonjwa walio kwenye foleni. Nyumbani fundi alikuwa na mashine yake ndogo, ile ya kushika kama kalamu, inayozungusha ncha kwa kasi mpaka inalia kama mbu. Aliinunua mtumba, bila kichwa hata kimoja. Ukiiwasha ilizunguka tu, ikajilia weee, haina inachosaga.

Basi siku yake ya mapumziko, ambayo wiki nzima alikuwa amepanga kuilala yote, akajikokota hadi kwa fundi baiskeli wa mtaa wa pili kuomba spoku zilizokatika, zile nene za baiskeli za mizigo. Aliporudi alikata kipande cha urefu wa kidole, akakijaribu kwenye mashine, kikaingia na kukaza barabara. Akapasua ncha yake kwa msumeno wa chuma, akachomeka utepe wa msasa kwenye ule ufa na kuuzungusha mpaka ukawa kibiringo. Mama mkwe alikuwa kitini karibu na dirisha. Uso alikuwa ameugeuzia nje, lakini sikio alikuwa ameliacha ndani.

Fundi akawasha. Msasa ulizunguka kidogo tu, ukachomoka, ukavuka chumba kizima na kumpiga marehemu baba mkwe kwenye paji la uso, pale alipotundikwa ukutani ndani ya fremu yake. Picha ikapinda. Fundi akaganda, mashine mkononi. Ndipo aliposikia sauti asiyoijua. Mama mkwe alikuwa anacheka, ufizi wa chini mtupu, mabega yanamtikisika, ncha ya mtandio kaibana mdomoni.

"Hata alipokuwa hai hakujua kukwepa," aliuambia ukuta.

Fundi akainyoosha picha, akaanza upya. Safari hii alichukua ndala iliyokatika, akaitoboa soli kwa kipande cha bomba chenye ukingo mkali, kikatoka kidonge cha mpira. Akakichoma spoku katikati, akatia gundi, akakivisha msasa kwa gundi tena, kisha akakiacha juani kikauke. Akatengeneza na kingine kwa kitambaa kizito cha koti kuukuu, cha kung'arishia. Mikono ilikuwa ikifanya kazi peke yake, macho yanafumba na kufumbuka.

Jioni mkewe aliporudi, fundi akamwomba amuulize mama panauma wapi. Hakuna aliyefikiria kwamba fundi angeuliza mwenyewe, seuze kuchungulia. Mke akapiga magoti mbele ya mama yake, mama akafungua kinywa, na mke akatoa taarifa: ni kushoto, nyuma kabisa, pamekuwa pekundu.

Fundi akasaga kushoto. Kile kichwa cha ndala kilifanya kazi kuliko alivyotarajia. Vumbi la rangi ya waridi, la ule ufizi wa bandia, likamwagika magotini mwake. Alisaga kidogo, mama akajaribu, binti akaleta jibu kwamba bado. Akasaga tena, bado. Mwisho likaja jibu kwamba sasa meno yanacheza upande mmoja, na upande wa pili yanauma vilevile.

Fundi akazima mashine. Alimtazama mkewe, aliyekuwa bado kapiga magoti akitazamana na mama yake uso kwa uso.

"Kushoto kwa nani?" aliuliza.

Mkewe akainua mkono wake wa kushoto, akautazama, kisha akautazama wa mama. Akajiachia akakaa sakafuni, akaegemea kabati, na machozi yakaanza kumtiririka bila kilio.

"Nimechoka," alisema. "Hata mkono wangu siujui."

Fundi akamwambia kosa si lake, kazi ile mtu huifanya kwa macho yake mwenyewe, na yeye alilijua hilo tangu mwanzo akajifanya halijui. Mke alikuwa ameshapitiwa na usingizi palepale, mdomo wazi kidogo.

Fundi akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama mkwe. Alikaa wima kana kwamba amekuja kuposa upya.

"Mama, naomba samahani. Nimesaga upande usiouma. Nikiendelea kubahatisha nitayamaliza yote. Niruhusu nitazame mwenyewe."

Mama mkwe alimtupia jicho binti yake pale sakafuni, akaona hakuna wa kumtuma. Kisha akageuka na kumtazama mkwewe usoni, kwa mara ya kwanza.

"Macho yako mekundu."

"Ni vumbi, mama."

"Si vumbi. Humu ndani hamlali nyie." "Haya, tazama." Na akafungua kinywa.

Kidonda kilikuwa kulia kwa mama mwenyewe, kwenye ufizi, pale jino la mwisho la bandia linapokalia, kidogo kama punje ya dengu. Fundi alichukua rangi ya mdomo kwenye mkoba wa mkewe, akaigusisha pale kwa pamba iliyosokotwa kwenye njiti, akamvisha mama yale meno na kumwomba aume. Alipoyatoa, doa jekundu lilikuwa limejipiga chapa mahali penyewe. Kichwa cha ndala kilikuwa kinene mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo akakata spoku nyingine na kuizungushia msasa mwembamba, akaukaza kwa gundi. Akasaga lile doa tu mpaka likafutika. Akang'arisha kwa kile cha koti na dawa ya meno, akaosha, akampa.

Mama aliyavaa. Alifunga mdomo, akachezesha taya, akachukua kipande cha mkate na kukitafuna polepole kwa upande wa kulia.

"Hayaumi," alisema. "Ila yanacheza."

Kesho yake fundi aliyabeba kliniki, akaupoteza muda wake wa chakula cha mchana kuujaza upande alioharibu. Mwenye kliniki aliviona vile vichwa vya spoku, akavigeuzageuza, akauliza kama angeweza kutengenezewa vichache mpaka vya dukani vifike. Fundi akakubali. Neno halijamkauka mdomoni akajuta, maana ndiyo siku nyingine ya kulala ilikwenda hiyo.

Meno yalikaa. Mama mkwe alianza kula, nyama zikamrudi mashavuni, na pamoja na kula akaanza kusema. Kumbe alikuwa mzungumzaji, tena si wa kawaida. Maneno yote ambayo hakumwambia mkwewe tangu harusi alikuwa ameyaweka. Jioni alimngojea mezani: habari za wifi yake aliyehama na milango ya nyumba, habari za jirani aliyemdhulumu kuku, habari za marehemu mumewe alivyomchumbia na kulisahau jina la mchumba mwenyewe mbele ya wazee. Mke alisikiliza akatabasamu, akaenda kulala. Fundi alibaki, kaegemeza kichwa kwenye kiganja, akiitikia "ndiyo, mama," na "kumbe," na "ehe." Kichwa kilipoanza kumwinama, mama mkwe alinyamaza, akaisogeza sahani ya mkwewe isije ikaanguka, kisha akaendelea kwa sauti ya chini pale alipokuwa ameishia.