Bushira Hana Swali

Sulaimani alistaafu jeshi zamani, lakini nyumba yake pale Lurujo, Koboko, aliiendesha kama kambi. Mtoto akiitwa anasimama wima, anajibu "ndiyo, mzee", anatekeleza. Kuuliza kwa nini? Thubutu! Aliyeuliza alilima peke yake mpaka jua lizame. Bushira, kitinda mimba wake, alilelewa hivyo, na majirani wakamsifu mpaka baba mtu akavimba kichwa.

Msichana huyo alitaka kitu kimoja tu maishani: awe muuguzi. Akapelekwa shule Arua, upande wa Ediofe. Na kusoma, jamani, alisoma kweli. Alfajiri yuko macho, kitabu mkononi, anakariri kila kilichoandikwa ubaoni.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka. Hesabu ameanguka, kemia ameanguka. Chuo cha uuguzi hakimchukui.

Sulaimani akapanda gari mpaka Arua, amepania kugomba. Prossy, mwalimu wa hesabu, alimwacha aseme mpaka akachoka.

"Mzee, Bushira iko na heshima kuliko wote," akasema. "Nikimwuliza kama ameelewa, anasimama: ndiyo, mwalimu. Kumbe hajaelewa kitu. Wale wanaonisumbua kwa maswali ndio wamepita. Nilimwomba aulize, mzee. Nilimwomba sana. Alikuwa anatetemeka."

Kutetemeka kule Sulaimani alikujua. Yeye ndiye aliyemfundisha mtoto. Njia nzima ya kurudi Koboko alitazama nje na hakuona kitu. Roho ilimuuma, akatafuta mwingine wa kumlaumu, akakosa.

Alimkuta Bushira nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa kulia. Alipomwona baba yake akainuka haraka, mikono ubavuni.

"Kaa, mwanangu."

Hakukaa. Basi Sulaimani akakaa yeye, chini mavumbini, mtu mzima na mvi zake.

"Kosa ni langu," akasema. "Leo niulize lolote. Niulize hata kwa nini nilikuwa nakuadhibu. Sitakasirika."

Msichana akatazama chini. Midomo yake ilifunguka, ikajifunga tena. Sulaimani alingoja, machozi yakimtoka bila kuyafuta.

"Uliza, mama," akambembeleza.

Bushira akanyoosha mgongo.

"Mzee," akasema polepole, "naruhusiwa kwenda?"